Taya Lililoshika Ulimi

Nani alitangulia? Hilo ndilo swali lililokuwa likimtembeza Nyanzala katika mashamba yaliyolimwa, mikono nyuma, shingo imeinama, asubuhi baada ya mvua ya kwanza. Msidhani ni swali la kitoto. Katika nchi ile kuna waliolala njaa kwa ajili ya swali hilo, na kuna waliokula wakavimbiwa kwa ajili yake. Aliyetangulia kufika ndiye mwenye ardhi. Aliyekuja baadaye ni mgeni, hata kama kazaliwa papo hapo na atazikwa papo hapo. Basi ukitaka kumtawala mtu, mfanye mgeni. Ni hilo tu. Mimi sijasikia hila nyepesi kuliko hiyo, wala inayodumu kuliko hiyo.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini, au mitatu, au mia tatu. Kule miaka haikupanga foleni kama kwingine. Plau ilikuwa ikiipindua. Ng'ombe wakishavuta, udongo wa chini unakuja juu, wa juu unakwenda chini, na siku zinakwenda nao. Mtu aliweza kushika mfuo mmoja wa plau akiwa na msiba wa jana, akafika mwisho wake akasikia harufu ya uji aliopikiwa utotoni. Wakulima walikwisha zoea. Walisema tu, "Leo tumelima mpaka mwaka wa nzige," wakafungua ng'ombe, wakaenda kula.

Kazi yake ilikuwa kutafuta mifupa mikongwe, ile iliyogeuka jiwe, ambayo waliosoma wanaiita visukuku. Lakini hakutafuta mfupa. Marehemu mama yake, Bi Milembe, alimfundisha hivyo: ukitafuta mfupa utaona mifupa kila mahali, maana jicho lina tamaa, tafuta rangi isiyo ya hapo. Ngoja plau ipite, ngoja mvua ioshe kingo za mfuo, kisha nenda mapema jua likiwa bado chini, ulielekee, utazame kinachong'aa tofauti na wenzake. Ukikiona usikiinue. Chora kwanza juu yake mshale wa chokaa, kuonyesha upande kilikoelekea, kwa sababu kitu kilichoinuliwa bila mshale kimepotea hata kikiwa mkononi. Kisha kilambe. Jiwe halishiki ulimi. Mfupa mkongwe unashika, maana vitundu vyake vina kiu tangu siku ya kufa, na ukiugusisha ulimi unanyonya mate na kung'ang'ania. Ndiyo sababu mwenye kazi hiyo aliitwa Ulimi. Bi Milembe alikuwa Ulimi wa nchi, na alipokufa Nyanzala akawa Ulimi. Akisema mfupa, ni mfupa. Akisema jiwe, ni jiwe. Hakuwahi kukosea na hakuwahi kusema uongo, na hilo la pili ndilo alilojivunia zaidi.

Sasa, msimu huo, akaja Shigela. Alikuwa mkulima wa bondeni, mtu mrefu, mpole, mwenye ng'ombe wawili waliozeeka pamoja naye. Alipiga hodi kwa Nyanzala asubuhi jua likiwa limepanda, gunia begani, akalishusha taratibu kama anamlaza mgonjwa.

"Karibu, kaka Shigela. Mbona jasho hivyo?"

"Plau yangu imekatika ncha, dada."

"Pole sana."

"Pole haitoshi hapa." Akakaa kizingitini, akafuta uso kwa kiganja. "Imegonga kitu. Na majirani walikuwa wanalima ng'ambo, wamesikia mlio. Watu tisa, dada Nyanzala. Ningekuwa peke yangu ningekifukia. Nakwambia kweli tupu, ningekifukia, nikapanda mtama juu yake, na hata mke wangu asingejua."

"Ulichora mshale?"

"Nilichora. Mimi si mtu wa kuharibu."

Nyanzala akafungua gunia. Lilikuwa donge la tope kavu, refu kama mkono, na kwenye pembe moja, pale plau ilipochuna, palichungulia weupe wenye umanjano. Hakuhitaji kulamba. Akalamba, kwa kuwa ndiyo kazi. Ulimi ukashika, ukashika hadi akahisi shina lake linavutwa kooni. Ikabidi aubandue kwa kidole.

Shigela alikuwa akimtazama mdomo.

"Bado sijasema," Nyanzala akamwambia. "Nitasema Siku ya Ulimi, mavuno yakianza. Kati ya leo na siku hiyo ni changu, nikisafishe."

"Nina watoto sita," Shigela akasema. Akanyanyuka, akaenda zake, na gunia lake akalisahau pale.

Inafaa nieleze, msije mkanipotea. Juu ya kilima palikuwa na Nyumba, na ndani ya Nyumba alisimama Mtangulizi: mifupa mikubwa iliyoungwa kwa waya na gundi, fuvu juu, na chini ya fuvu taya lenye meno marefu yaliyochongoka. Wenye Nyumba walisema huyu ndiye babu yao, aliyefika kabla ya mito. Na kwa kuwa ardhi ni ya aliyetangulia, popote ulipotoka mfupa wa babu yao, shamba hilo ni lao: lizungushiwe miiba, lisilimwe tena, na waliokuwa wakililima watafute pengine. Zamani watumishi wa Nyumba walifuata kila plau nchini. Msimu hata msimu mashamba yalikwenda, kipande hapa, kipande pale, na watu walikuwa wakionekana barabarani na vitanda vichwani. Kilichobaki kutafutwa kilikuwa taya. Bila taya, walisema, babu yetu hawezi kutamka.

Ndipo Bi Milembe akaleta taya. Alikuwa na mimba ya Nyanzala, mimba pevu, akasimama uwanjani mbele ya watu, akalilamba, likashika, akasema kwa sauti kwamba ni mfupa, na kwamba umetoka shambani kwake mwenyewe. Mtangulizi akakamilika. Utafutaji ukasimamishwa; Ulimi aliendelea kuyatembelea mashamba kwa mazoea ya jicho, lakini tangu hapo kilichohukumiwa kilikuwa kile tu kilichovunja plau ya mtu. Na shamba la Bi Milembe likazungushiwa miiba siku ileile.

Kwa hiyo Nyanzala alizaliwa hana shamba. Alikua akipalilia mashamba ya watu na kupewa mtama wa kupimwa kwa kibaba. "Uliwapa shamba letu kwa mkono wako," alimwambia mama yake siku moja, akiwa msichana aliyekwisha kujua pa kuchoma. "Ungesema jiwe, nani angejua?" Bi Milembe aliendelea kupiga brashi kipande alichokuwa nacho. Nyanzala hakumsamehe. Hata siku ya maziko alitupa udongo kaburini kwa nguvu isiyohitajika. Naam, mtu anaweza kumlilia mama yake mpaka sauti ikamkauka na bado asimsamehe, msinitolee macho. Na alipourithi mkoba wenye sindano na brashi, alijiapia jambo moja: kama ukweli ndio uliotunyima shamba, basi usiwe umetunyima bure. Sitadanganya kamwe. Alivijenga viburi vyake vyote juu ya hapo.

Akaanza kazi. Kazi yenyewe haina haraka. Siku za kwanza alitumia patasi na nyundo ndogo, akigonga kwa kuelekea nje, asielekee ndani hata kwa bahati mbaya. Ganda la tope lilipopungua akashika sindano ya kushonea magunia, na sindano ilipokuwa nene mno akachukua mwiba wa mgunga. Anachokonoa, anapuliza, anapiga brashi, anadondosha tone la maji, anangoja. Nje mvua ilinyesha, mtama wa watu ukapanda magotini, ukapanda kiunoni. Ndani yeye alisogea upana wa ukucha kwa siku. Ukikaa na mfupa namna hiyo mkono unaanza kusahau ni wa nani. Mara nyingine alitazama kidole gumba chake kikiwa juu ya mwiba akaona kina kovu lile la mama yake, kovu lililopasua katikati ya gumba pale sindano ilipomchana zamani. Akafumba macho, akafumbua, kidole kikawa chake tena. Hakushtuka. Aliendelea kuchokonoa, na mama yake, au yeye, akaendelea kupuliza.

Ulikuwa nani wewe. Uliogopa nini. Ulikunywa maji ya mto gani, na mto wenyewe umeelekea wapi. Ulijua kama unatangulia? Hakuna anayejua. Anayetangulia naye anaona nyayo mbele yake, anajihesabu wa mwisho, anaharakisha awafikie wenzake. Basi wa kwanza yuko wapi. Chimba. Nimechimba. Chini ya wa kwanza yupo wa kwanza. Na chini yake? Yupo. Na huyo wa chini kabisa alikaribishwa na nani? Alipiga hodi kwa nani? Sijui. Nyamaza ufanye kazi, Nyanzala. Nimenyamaza.

Mwezi wa pili umbo likajitokeza: taya zima la chini, pande zote mbili. Mwezi wa tatu yakatokea meno. Nyanzala alipangusa la kwanza akadhani limevunjika. Akapangusa la pili, la tatu, la nne. Hayakuwa yamevunjika. Yalikuwa mapana, bapa, yamelika kwa kusaga, kama jiwe la kusagia la bibi fulani aliyelea wajukuu wengi. Mwenye taya hili hakuwahi kurarua kitu. Alikuwa mla majani. Nyanzala aliweka mwiba chini, akashika tama, akakaa hivyo hadi chai yake ikapoa. Kitu alichokuwa anakitazama kilikuwa kizuri, na tangu azaliwe hakuwa ameona kitu cha kweli kiasi kile.

Ulimi ndiye aliyekuwa na kazi ya kumfuta vumbi Mtangulizi, na siku yake ya zamu ilipofika Nyanzala alitia taya kikapuni, akalifunika matambara, akapanda kilimani. Mlango ulifunguliwa na mzee Ng'wandu, Mshika Ufunguo wa Nyumba. Huyu mjueni vizuri. Ndiye aliyesimama Siku ya Ulimi: Ulimi akishasema, yeye hulirudia neno, na mwandishi huliandika kama alivyolirudia. Neno ambalo Mshika Ufunguo hakulirudia haliandikwi, na lisiloandikwa kule halikutokea. Alikuwa mzee mkavu, hachekeshwi, na alikuwa akiishika kazi ile tangu enzi za Bi Milembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ingia. Mimi nitakaa hapa nje, vumbi linanikohoza."

Ndani Nyanzala akapanda ngazi. Akafungua waya, akalishusha taya la Mtangulizi, lile la meno yaliyochongoka, akaliweka mapajani. Kisha akatoa lake kikapuni, akalipeleka kwenye fuvu. Halikuhitaji kulazimishwa. Liliingia mahali pake pande zote mbili, likatulia. Fuvu lililokuwa likitishia nchi nzima likawa na uso wa mnyama aliyesimama malishoni anacheua. Loo! Jamani, nchi nzima inamwogopa mla majani!

Sasa, kama hili ni taya lake, lile lililo mapajani ni la nani? Desturi ilikataza kulamba tena kilichokwisha lambwa uwanjani na kuandikwa. Nyanzala akatazama mlangoni, akauona mgongo wa mzee Ng'wandu, akalamba. Taya likashika ulimi. Akapigwa na butwaa: mataya mawili, kinywa kimoja! Kisha ladha ikamfikia. Ni ladha ambayo mwanamke hahitaji kufundishwa. Wajawazito wanaitafuta kisimani na kwenye vichuguu, wanaitafuna kwa siri wakifuta midomo kwa upindo wa khanga. Udongo. Udongo wa mfinyanzi, mkavu, na udongo mkavu nao una kiu. Aliligeuza taya. Kwa ndani, pale linapokunjika na mtu asipopaona, palikuwa na alama ya dole gumba lililobonyea wakati udongo ungali mbichi, na katikati ya alama ulipita mstari wa kovu.

Nyanzala akaweka gumba lake ndani ya alama ile, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. Mama alilifinyanga. Akiwa na mimba yake, pengine akimega kipande anaweka mdomoni na kipande anaweka kwenye taya, alilifinyanga, akalichongoa meno kama Wenye Nyumba walivyopenda, akalichoma kidogo lisipoteze kiu, kisha ikambidi achague limetoka shamba la nani. Watu wote wa nchi walikuwa na mashamba. Alichagua lake. Akasimama akadanganya mbele ya halaiki, ili watumishi warudi nyumbani na plau za watu ziachwe zipite. Na mwanawe alipomtukana kwa hilo alimwacha amtukane, kwa sababu siri ya namna ile ukimpa mtoto utakuwa umemtwika.

"Mama," Nyanzala akasema pale juu ya ngazi. "Mama, nisamehe. Sikujua."

"Umemaliza, mwanangu?" mzee Ng'wandu akauliza huko nje.

"Bado kidogo, mzee. Vumbi limeniingia machoni."

Akalirudisha taya la udongo mahali pake, akakaza waya, akashuka.

Tangu siku hiyo usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Hebu ujiweke mahali pake. Akisema mfupa, amesema kweli, na Shigela anaondoka na kitanda kichwani. Si Shigela tu, maana Mtangulizi ataonekana amevaa taya la bandia, utafutaji utaanza upya, na shamba ambalo Bi Milembe alilitoa litakuwa limetolewa bure. Akisema jiwe, ameuvunja ule mwiko mmoja aliojengea maisha. Tena si kusema tu. Jiwe lililovunja plau desturi yake ni kuvunjwa na Ulimi mwenyewe, papo hapo, kwa nyundo, lisije likavunja nyingine. Kitu cha kweli kuliko vyote alivyowahi kushika, akivunje.

Na je, nikiwaonyesha meno? Nikiwaambia tazameni, babu yenu alikuwa anakula nyasi, hakumdai mtu ardhi? Watatazama. Kisha wataniletea tupa. Watasema, Ulimi, chonga. Na nisipochonga mimi atachonga mwingine, na shamba la Shigela litazungushiwa miiba vilevile. Ukweli ukishaingia ndani ya Nyumba unawekewa waya. Mama ulilijua hili. Mbona hukuniambia? Mbona umeniacha niligundue peke yangu? Umenilea niwe mkweli, mama, ili siku nikidanganya niaminike? Sema. Hasemi. Hakuwahi kusema.

Mtama ulipoanza kuinamisha vichwa, Shigela alikuja tena.

"Sikuja kukuomba uongo, dada," akasema kabla hajaketi. "Nikuombe uongo mimi nani? Nimekuja kukiona. Kimenivunjia plau, basi nikione kabla hakijanivunjia nyumba."

Nyanzala akaondoa kitambaa. Shigela akapiga magoti mbele ya meza, akatazama kwa kitambo, kisha akapitisha kidole juu ya meno, moja baada ya jingine, kama anavyokagua mdomo wa ng'ombe mnadani.

"Huyu alikuwa anacheua," akasema.

"Ndiyo."

"Mtu mzima huyu. Tena mpole. Meno haya ni ya mpole."

"Ndiyo, kaka, mpole."

Shigela akatikisa kichwa polepole. "Basi si kosa lake," akasema. "Maskini. Tunamsingizia bure."

Alipoondoka, Nyanzala akateleka sufuria. Mfupa uliokwisha safishwa hunyweshwa gundi ya mgunga iliyochemshwa ikawa nyepesi kama maji, ili usije ukamong'onyoka. Hiyo hufanywa baada ya Siku ya Ulimi, na haifanywi kabla hata siku moja, kwa kuwa mfupa ulionyweshwa gundi umeshiba na haushiki tena. Akachovya brashi. Mpako wa kwanza mfupa ukaunywa wote. Wa pili ukaunywa nusu. Wa tatu ukabaki juu, unang'aa. Akachukua vumbi la shambani, akalipakaza hadi mng'ao ukafa. Mkono wake ulikuwa umetulia kabisa, na hilo ndilo lililomtisha.

Siku ya Ulimi ilikuwa ya jua kali. Watu walijaa uwanja wa Nyumba tangu asubuhi, na adhuhuri mlango mkubwa ukafunguliwa ili Mtangulizi aone. Shigela alisimama mbele na mkewe na watoto wote sita, wamevaa nguo safi, kama watu wanaosafiri. Mwandishi alikaa mezani, kalamu mkononi. Mzee Ng'wandu akatoka, akasimama, akagonga ufunguo wake chini mara moja, na uwanja ukanyamaza.

Nyanzala akalinyanyua taya kwa mikono miwili. Akatoa ulimi, akalamba pale penye mfupa, si kwenye jino. Halikushika. Liliteleza kama sahani. Akalamba tena mahali pengine, kwa haki, watu wote waone.

"Jiwe," akasema.

Minong'ono ikaanza. Hakuna aliyewahi kumwona Ulimi analamba mara mbili. Mzee Ng'wandu hakulirudia neno. Alisogea hatua mbili, akatazama meno mapana, akamtazama Nyanzala.

"Kama ni jiwe," akasema, "desturi unaijua."

Nyundo ikaletwa. Ilikuwa nyundo ya mama yake, mpini umelika pale alipokuwa akishika Bi Milembe. Nyanzala akaweka taya juu ya jiwe la uwanja. Alijua jambo ambalo watu hawakulijua: gundi haikufika ndani, na ndani mfupa ungali na kiu. Akapiga moyo konde. Mama, akasema kimoyomoyo, wewe ulifinyanga, mimi navunja, ni kazi moja. Akainua mkono, akapiga.

Mlio wake haukuwa wa jiwe. Wenye masikio walisikia. Taya likapasuka vipande kumi, meno yakatawanyika, na kipande kimoja, cheupe ndani, chenye vitundu kama mkate, kikaruka kikaangukia miguuni kwa mzee Ng'wandu.

Mzee akainama. Uzee ulimfanya achukue muda kuinama. Akakiokota. Akakigeuza, akatazama vile vitundu. Kisha akafanya jambo ambalo Mshika Ufunguo hajawahi kulifanya, maana si kazi yake: akatoa ulimi wake mwenyewe, akakigusisha. Kikashika. Nyanzala alikiona kikining'inia kwenye ncha ya ulimi wa mzee, hakianguki, na macho ya mzee yakamwelekea yeye, si kwa ukali. Yalikuwa macho ya mtu aliyengoja tangu zamani kuulizwa jambo, na hatimaye ameulizwa.

Mzee Ng'wandu akarudisha ulimi ndani, na kipande kikiwa juu yake. Akafunga mdomo.

"Mzee," mwandishi akasema. "Niandike nini?"

Mzee akamtazama.

"Jiwe au mfupa, mzee? Natia wino."

Uwanja mzima uling'ang'ania ule mdomo. Mdomo haukufunguka. Mwandishi alingoja hadi wino ukakauka kwenye kalamu, akachovya tena, ukakauka tena. Mzee akageuka, akaingia ndani ya Nyumba, akapita chini ya taya la udongo bila kuinua macho, na mlango ukafungwa. Hakuna neno lililorudiwa. Hakuna lililoandikwa. Kwa hiyo Siku ya Ulimi ya msimu ule haikutokea, wala hapakuwa na taya, na shamba la bondeni lilikuwa shamba la mtu lenye mtama uliokomaa. Watu wakaondoka mmoja mmoja, na mke wa Shigela akakaa chini pale uwanjani, akalia kwa kwikwi huku watoto wakimvuta nguo.

Inasemekana mzee Ng'wandu hakufungua mdomo tena. Alikula uji kwa upande mmoja wa shavu, akaishi misimu mitatu, au mmoja, akazikwa na kile kipande kinywani. Nyanzala aliokota vipande vilivyobaki akavirundika mpakani pamoja na mawe mengine, kama desturi inavyotaka. Mkoba wa sindano aliutundika ukutani. Hakuna aliyemuuliza kitu, na yeye kila alipotaka kusema jambo la kweli, hata dogo, hata kwamba leo kuna joto, alihisi kwanza ule utelezi kwenye ulimi wake, akasita.

Mvua zikarudi. Shigela alikuwa amepata ncha mpya ya plau, akafunga ng'ombe wake wazee, akaingia shambani, na Nyanzala alimfuata nyuma kwenye mfuo, mikono nyuma, shingo imeinama, jua usoni. Kwa mbali angeonekana anatafuta kama zamani. Jicho lake halikuwa limezeeka. Plau ikapindua udongo, na katika udongo, hatua mbili mbele, kikang'aa kitu chenye rangi isiyo ya hapo: jino, pana, bapa. Halikuwa na mshale. Nyanzala akapiga hatua ya kwanza, akapiga ya pili, akaweka unyayo wake mtupu juu yake, akakandamiza kwa kisigino hadi likazama.

Shigela akasimamisha ng'ombe, akageuka.

"Umeona kitu, dada?"

"Sijaona kitu, kaka," Nyanzala akasema, na mguu wake bado uko palepale. "Endelea kulima."